Daftari Chini ya Kiti

Mlima Meru wasimama kaskazini mwa mji wa Arusha, na kimo chake chapita meta 4,500. Zamani ulikuwa mlima wa moto, na majivu yake ndiyo yaliyoufanya udongo wa miteremko yake kuwa mweusi wenye rutuba. Wameru na Waarusha wakaao huko hupanda migomba, kahawa, mahindi na maharagwe, tena hufuga ng'ombe wa maziwa. Lakini udongo huo uletao shibe huleta taabu pia. Wakati wa kiangazi huwa vumbi jembamba kama unga, liingialo kila mahali. Na wakati wa masika huwa tope litelezalo kama sabuni. Mtu apandaye na kushuka huko kila siku hana budi kuwa na miguu imara, au chombo kilicho imara.

Juu ya Tengeru, kando ya njia ipandayo kwenda Nkoaranga, alikaa kijana mmoja pamoja na mama yake na wadogo zake wawili. Kazi yake ilikuwa kuchukua watu na mizigo kwa pikipiki, kazi iitwayo bodaboda. Jina hilo lilianza mpakani mwa Kenya na Uganda, huko Busia, ambako wenye baiskeli waliwavusha wasafiri kutoka upande mmoja wa mpaka hata upande wa pili. Baadaye pikipiki zikashika mahali pa baiskeli, na katika Tanzania serikali ilitoa kanuni za leseni za kazi hiyo mwaka 2010. Siku za Jumatano na Jumamosi, ambazo ndizo siku za soko la Tengeru, kijana huyu aliteremsha mikungu ya ndizi tangu alfajiri, na jioni aliwapandisha watu pamoja na vitu walivyonunua. Siku nyingine alingoja abiria penye barabara kuu. Kwa kazi hiyo nyumba yao ilipata chakula, na wadogo zake walipata madaftari na sare za shule.

Pikipiki yenyewe haikuwa mpya. Aliirithi kwa marehemu baba yake, aliyekuwa bwana shamba, ambaye alizunguka nayo vijijini miaka mingi akiwafundisha watu utunzaji wa kahawa. Ilikuwa Honda CG125, mfano ulioanza kutengenezwa mwaka 1976. Wajapani walioibuni walikusudia iuzwe katika nchi ambazo pikipiki hufanya kazi nzito na mara nyingi hukosa matunzo. Kwa hiyo waliifanya iwe nyepesi kuelewa na ngumu kuharibika. Baba aliipenda, akaitazama kila Jumamosi kama mtu atazamavyo ng'ombe wake wa maziwa. Kijana naye aliipenda, lakini mapenzi yake yalikuwa ya namna nyingine. Aliipenda kwa kuwa ilikwenda. Maadamu inakwenda, hakuitazama.

Asubuhi moja katika mwezi wa Februari, kijana alipiga kiki, injini ikawaka. Akabana kishikio cha klachi kwa mkono wa kushoto, akakanyaga gia ya kwanza. Pikipiki ikalia "kwaa!" ikaruka mbele kama mbuzi aliyechomwa mwiba, ingawa kishikio alikuwa amekibana mpaka mwisho. Alipofika barabarani akataka kuirudisha nyutro, yaani mahali ambapo gia yoyote haishiki, isikubali. Alipokanyaga chini, ikaingia gia ya kwanza. Alipoinua juu, ikaingia ya pili. Ilimlazimu kuizima injini kwanza, ndipo nyutro ikapatikana.

Wenzake wa kijiweni wakacheka, wakasema, "Huo ni uzee tu. Kaza mguu, itaingia."

Kijana akalipokea shauri hilo kwa furaha, kwa sababu lilikuwa shauri lisilo na gharama. Tangu siku hiyo alikanyaga gia kwa nguvu zake zote. Gia ziliingia, ni kweli, lakini kila mara kwa kishindo. Mama yake alikisikia kishindo kile akiwa zizini, akamwambia, "Mwanangu, marehemu baba yako alipoondoka asubuhi hatukusikia ila mngurumo. Mbona siku hizi chombo chalia kama kinachopigwa?"

Kijana akajibu, "Ni uzee, mama."

Mama akanyamaza, akaendelea kukama.

Majuma mawili yakapita. Kanyagio la gia likapinda kwa kupigwa, kisha likaanza kuteleza katika mhimili wake, maana meno yake ya ndani yalikuwa yameanza kulika. Hapo mwenzake mmoja akampa shauri la pili, kwamba aukaze waya wa klachi. Kijana akaizungusha nati ya kukazia mpaka kishikio kikawa kigumu tangu mwanzo, kisicheze hata kidogo. Kesho yake gia ziliingia kwa ulaini kuliko siku zote zilizopita, naye akafurahi, akajiona fundi.

Furaha hiyo haikudumu. Katika mpando wa Nkoaranga alisikia injini ikivuma kwa nguvu lakini gurudumu halikuongeza mwendo, kana kwamba nguvu zinavuja njiani. Akapewa shauri la tatu, kwamba abadili mafuta ya injini. Shauri hili lilikuwa jema kwa nusu, kwa kuwa mafuta yalikuwa meusi, hayajabadilishwa tangu baba afariki. Lakini alinunua mafuta ya bei nafuu yaliyotengenezwa kwa ajili ya motokaa, asisome maandishi ya kopo. Baada ya hapo pikipiki ikazidi kuvuma, ikazidi kukosa nguvu, na gia zikarudi kuwa ngumu.

Masika yakafika. Jumamosi moja ya mwezi wa Aprili, jua likiwa limekwisha kuzama na mvua ikinyesha, mama mmoja alishuka katika daladala hapo Tengeru akiwa na mtoto mgongoni. Mtoto alikuwa na homa kali, akihema upesi upesi, na macho yake yamefumba. Mama akauliza ni nani awezaye kumfikisha katika hospitali ya Nkoaranga. Kijana alikuwa peke yake kijiweni, maana wenzake walikuwa wamekwenda na abiria wa soko. Akasema, "Panda, mama, nitakufikisha." Wakapatana nauli, naye akalipwa palepale.

Walikwenda vema mpaka mpando ulipoanza kuwa mkali. Hapo injini ikavuma, pikipiki ikapunguza mwendo. Kijana akarudi gia ya pili, kisha ya kwanza. Injini ikapiga kelele, harufu ya kitu kinachoungua ikapanda, na pikipiki ikasimama katikati ya tope. Aliongeza moto, isisogee hata hatua moja. Wakangoja kidogo kama chombo kingine kitapita, lakini njia ilikuwa tupu.

Mama yule hakupiga kelele. Alimfunga mtoto upya, akajitanda kitenge, akaanza kupanda kwa miguu. Kijana aliiacha pikipiki kando ya migomba, akachukua mfuko wake, akamfuata. Wakapokezana mtoto njia nzima, wakiteleza na kushikana mikono, hata wakaziona taa za hospitali. Wauguzi walimpokea mtoto mara moja. Baadaye muuguzi mmoja akatoka akasema kwamba mtoto ataishi, lakini asingalistahimili kungoja mpaka asubuhi.

Mama akaketi kwenye benchi, nguo zake zikitiririka maji. Akamtazama kijana, akamwuliza kwa sauti ya upole, "Baba, ulijua kuwa chombo chako ni kigonjwa?"

Kijana akatazama chini. Alijua. Akamrudishia nauli yake, akamwomba radhi, akashuka gizani kwenda kuisukuma pikipiki mpaka nyumbani. Usiku ule hakulala vema. Maneno makali yangalimpa nafasi ya kujitetea, bali swali lile halikumpa.

Jumatatu asubuhi rafiki yake mmoja, aliyekuwa akipeleka ndizi kwa pikapu, akaipakia pikipiki, wakaenda Arusha mjini, mwendo wa kilometa 13 hivi. Wakaipeleka Unga Limited, mtaa uliopata jina lake kwa kiwanda cha kusaga unga, ambao sasa una mafundi wengi wa vyombo. Chini ya mwavuli wa bati alikuwako fundi mmoja mzee.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Pikipiki hii naifahamu. Wewe ni mtoto wa bwana shamba?"

Kijana akakubali, akampa habari ya kifo cha baba yake. Mzee akasikitika, akakaa kimya kitambo. Kisha akasema, "Haya, nieleze ugonjwa tangu siku ya kwanza. Usiruke siku hata moja, wala usifiche ulichotenda."

Kijana alitazamia kwamba fundi ataifungua injini mara moja. Lakini mzee hakushika hata spana. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Daftari la baba yako liko wapi?"

"Daftari gani, mzee? Sijaliona."

Mzee akatwaa spana, akafungua bolti za kiti, akakiinua. Chini yake palikuwa na mfuko wa nailoni uliofungwa kwa uzi, na ndani ya mfuko mlikuwa na daftari dogo la shule. Kijana alikuwa amelikalia miezi yote ile asijue. Lilikuwa na mwandiko wa baba yake: tarehe za kubadili mafuta, tarehe za kukaza mnyororo, tairi zilizonunuliwa, kilometa zilizokwisha kwendwa. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na maneno haya: "Waya wa klachi, nyuzi mbili zimekatika karibu na kishikio. Kununua mwingine mwisho wa mwezi."

Mwisho wa mwezi ule baba yake hakuuona. Kijana akayasoma maneno yale mara mbili, akageuza uso wake pembeni. Mzee akajifanya anatafuta bisibisi, akamwacha mpaka alipotulia.

Kisha akamwambia, "Sasa sikiliza, ujue kazi ya klachi, maana mtu asiyejua kazi ya kiungo hawezi kujua ugonjwa wake." Akatwaa daftari lile na daftari lake la hesabu, akaingiza kurasa chache za hili katikati ya kurasa za lile, moja baada ya moja. Akazibana kurasa kwa kiganja, akamwambia kijana avute. Madaftari hayakuachana. Mzee akalegeza kiganja, akamwambia avute tena. Safari hii yakatoka kwa urahisi.

"Klachi ndiyo hivi," akasema. "Ndani ya injini yako mna sahani nyembamba zilizopangwa pamoja. Mafundi huziita pleti. Nusu yake hushikwa na bakuli linalozungushwa na injini. Nusu nyingine, za chuma, hushikwa na kitovu kinachozungusha gia. Springi ndizo kiganja changu. Huzibana zote pamoja, na nguvu ya injini hupita kwenda gurudumuni. Ukibana kishikio, waya huvuta, mbano wa springi huondolewa juu ya sahani, sahani huachana, na injini huzunguka peke yake bila kuzisumbua gia. Hapo ndipo gia hubadilika kwa amani."

Pikipiki hazikuwa na klachi tangu mwanzo. Mwaka 1894, katika mji wa Munich nchini Ujerumani, Hildebrand na Wolfmüller walianza kutengeneza pikipiki za kuuza, nazo ndizo za kwanza kutengenezwa kwa wingi. Injini yake iliunganishwa moja kwa moja na gurudumu la nyuma, pasipo kitu cha kuzitenga. Ili kuiwasha, mtu alikimbia nayo barabarani, na injini ilipowaka akairukia. Na ilipomlazimu kusimama, injini ilisimama naye. Klachi ndiyo iliyompa mpanda pikipiki uwezo wa kusimama huku injini yake ikiendelea kuwaka.

Mzee akaendelea, "Klachi ina magonjwa mawili makubwa, nayo yapingana. Wa kwanza ni kutoachana: umebana kishikio, lakini sahani bado zagusana. Utaujua kwa gia ngumu, kwa nyutro isiyopatikana, na kwa pikipiki kuruka mbele uingizapo gia ya kwanza. Wa pili ni kutoshikana: umeachia kishikio, lakini sahani zateleza. Utaujua kwa injini kuvuma bila mwendo, na kwa harufu ya kuungua. Wewe ulianza na wa kwanza. Wa pili umeuleta mwenyewe."

Akamweleza jinsi alivyouleta. Nyuzi za waya zilipokatika moja moja, waya ulirefuka, ukawa hauvuti sawasawa. Sahani zikawa haziachani vema, na gia zikawa ngumu. Badala ya kuutazama waya, kijana akalipiga kanyagio. Kisha akaukaza waya uleule mbovu mpaka kishikio kikakosa nafasi ya kucheza. Hapo akawa kama mtu aendeshaye siku nzima huku amebana klachi kwa nusu. Springi hazikuweza kubana mpaka mwisho, sahani zikateleza, zikapata moto. Mwisho akatia mafuta ya motokaa. Katika pikipiki nyingi za namna hii, mafuta hayohayo hulainisha injini, gia na klachi pamoja. Mafuta mengine ya motokaa hutiwa dawa ya kuongeza utelezi, ambayo ni njema kwa motokaa, kwa kuwa klachi yake haiogi katika mafuta ya injini. Bali katika pikipiki huzifanya sahani zisishikane. Mafuta yaifaayo pikipiki ya namna hii huandikwa katika kopo lake herufi JASO MA.

"Sasa tutaanza nje kwenda ndani," akasema mzee, "na kwa kitu rahisi kwenda kitu ghali. Nawe utafanya kazi kwa mikono yako."

Wakaanza na waya. Kijana alipouchomoa, aliona kwamba karibu na kishikio ulikuwa umebakiwa na nyuzi chache tu, zimechanua kama ufagio. Mzee akaleta waya mpya. Kabla ya kuufunga, akakunja kipande cha karatasi kiwe kama faneli, akakifunga penye ncha ya juu, akadondosha mafuta mepesi mpaka yakatokea ncha ya chini. Akasema kwamba vumbi la Meru huingia ndani ya mfuko wa waya na kuusaga kama msasa, kwa hiyo waya hutakiwa kutiwa mafuta mara kwa mara.

Baadaye wakalitazama kanyagio la gia. Meno yake yalikuwa yamelika, lisiweze kutumika tena, wakatia jingine na kuikaza bolti yake sawasawa. Kisha wakamwaga mafuta yote. Mzee hakuruhusu hata tone limwagike chini. Aliyakinga kwa debe, maana mvua hupeleka machafu ya mjini katika mito kama Themi, na huko chini watu na mifugo huyatumia maji hayo.

Laiti kijana angalikuja mwezi wa Februari, kazi ingaliishia penye waya. Lakini sasa ilipasa kufunguliwa ndani. Wakalitoa kava la upande wa kulia. Mzee akamwonya azilegeze bolti za springi kidogo kidogo kwa kukingamisha, yaani moja ya upande huu, kisha ya upande wa pili, ili uzito usiegemee mahali pamoja. Wakafungua kifungio cha katikati, wakazitoa sahani moja moja na kuzipanga juu ya gazeti kwa utaratibu uleule zilivyotoka.

Sahani za kushikia, ambazo zinapasa kuwa na uso wa kukwaruza, zilikuwa zimeng'aa kama kioo, na unene wake ulipopimwa ulionekana umepungua. Sahani za chuma zilikuwa na madoa ya buluu, ambayo ni alama ya moto mwingi. Mzee akazilaza moja moja juu ya kipande cha kioo, akajaribu kupitisha wembe chini yake. Chini ya mbili wembe ukapita. Akasema, "Hizi zimepinda. Hata ukibana kishikio namna gani, sahani iliyopinda itagusa jirani yake." Tena katika vidole vya bakuli sahani zilikuwa zimechimba vijishimo, zikawa zakwama humo zisiweze kuteleza kwenda na kurudi. Kwa kuwa vijishimo havikuwa na kina kirefu, kijana alivisawazisha kwa tupa taratibu, akafuta chembe zote za chuma kwa kitambaa safi. Mzee akasema kwamba vingalikuwa na kina, bakuli zima lingalipaswa kubadilishwa.

Walinunua sahani mpya na springi mpya, maana za zamani ziliposimamishwa karibu na mpya zilionekana fupi. Sahani mpya za kushikia wakazilaza katika mafuta safi kwa muda, ili zisiungue siku ya kwanza. Wakarudisha kila kitu mahali pake, wakakaza springi kwa kukingamisha kama walivyozifungua, wakatia gasketi mpya na mafuta yanayofaa.

Mwisho mzee akamwonyesha jinsi ya kuurekebisha waya. "Ncha ya kishikio icheze sentimita 1 hadi 2 kabla klachi haijaanza kuvutwa. Ikicheza zaidi, sahani hazitaachana. Isipocheza kabisa, hazitashikana. Hakuna uzuri katika kukaza mno, wala katika kulegeza mno."

Kijana akapiga kiki, akabana kishikio, akagusa kanyagio kwa ncha ya kidole cha mguu. Gia ya kwanza ikaingia kwa sauti ndogo kama ya mlango mwema unaofungwa. Akatafuta nyutro, akaipata mara moja. Akacheka peke yake. Kisha ikaja saa ya kulipa, na kicheko kikaisha. Bei ya waya haikufika hata ujira wa siku moja; bali sahani, springi, kanyagio na kazi ya siku nzima vilimaliza akiba yake yote, hata ikambidi kumwomba mzee amngojee kwa sehemu iliyobaki. Mzee akakubali. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Na kijana alikuwa amejenga ukuta mzima kwa sababu ya nyuzi mbili za waya.

Kabla hajaondoka, mzee alimpa kalamu. Kijana akafungua daftari la baba yake, na chini ya maneno yale ya mwisho akaandika tarehe, kisha: "Waya wa klachi, umenunuliwa." Akalifunga katika mfuko wake, akalirudisha chini ya kiti.

Jioni ile aliupanda mpando wa Nkoaranga polepole, akisikiliza. Alipofika nyumbani, mama yake alikuwa zizini. Hakusikia kishindo, akatoka nje kutazama kama ni yeye.

Majuma matatu yakapita. Jumatano moja, siku ya soko, mama yule akaja kijiweni na kikapu chake, na mtoto wake akitembea mwenyewe huku akila ndizi. Wenzake wa kijana walikuwa wengi siku ile, wote wakimwita. Mama akawapita, akaja mpaka kwake. Akaitazama pikipiki, akauliza kama alivyouliza usiku ule, "Chombo ni kizima?"

Kijana hakujibu upesi. Alibana kishikio, akautazama waya penye ncha yake, akaingiza gia, akarudisha nyutro. Ndipo akasema, "Ni kizima, mama. Nimekitazama leo asubuhi."

Mama akampakia mtoto katikati, akapanda nyuma yake, wakaenda.

Tangu wakati huo kijana amekuwa na desturi moja. Kila Jumamosi, kabla ya soko, hufungua kiti na kuandika katika daftari alichokiona. Gia ikiwa ngumu haongezi nguvu ya mguu, ila husimama akauliza sababu yake. Wenzake wa kijiweni humcheka bado, lakini gia zao zinapoanza kulia humtafuta yeye kwanza. Naye hawaambii kwamba ni uzee. Huwaambia, "Nieleze tangu siku ya kwanza."